Nyumba ya mama Sinza haiuziki: tupake rangi au tushushe bei?

*"Mama yetu alifariki mwaka 2021 akatuachia nyumba Sinza. Vyumba vinne, na uani kuna mabanda mawili yenye wapangaji. Hati ni ya mwaka 1982, ina jina la mama, anayo kaka mkubwa. Tuko wanne: wawili Dar, mmoja Mwanza, na mdogo wetu wa mwisho yuko Muscat kikazi. Hatujafungua mirathi kwa sababu hatuna ugomvi. Tunauza milioni 320, maana jirani aliuza yake milioni 350 mwaka 2015, na kila mtu anasema bei za Dar hazishuki. Ni miezi 14 sasa. Watu wanakuja, wanasifia, wanaondoka. Dalali anasema tupige rangi, tubadilishe vigae na dari, kama milioni 18 hivi, itatoka. Mimi na mume wangu tumeshapata nyumba Goba ya milioni 110. Tuna akiba ya milioni 30, na fungu langu la Sinza lingemalizia. Ina karatasi za serikali ya mtaa. Mwenyewe anataka milioni 40 za kuanzia kabla mwezi haujaisha, anasema kuna wateja wengine wawili. Tukarabati Sinza au tushushe bei?"*

Poleni na msiba wa mama, dada yangu. Najua miaka imepita, lakini siku nyumba ya mzazi inapoanza kutembelewa na wageni wanaogongagonga kuta, msiba unarudi upya.

Umeniuliza rangi au bei. Nimeisoma barua yako mara mbili na nadhani tatizo limejificha kwenye sentensi uliyoiandika kwa kupita tu: "hatujafungua mirathi kwa sababu hatuna ugomvi." Hao wanaosifia na kuondoka hawakimbii vigae vya zamani. Wanafika getini, wanauliza hati ina jina la nani, wanaambiwa la marehemu, wanauliza msimamizi ni nani, wanaambiwa "tuko wanne, hatuna shida." Mnunuzi mwenye milioni mia tatu zake halali akisikia hivyo anatabasamu, anasifia mwembe, anaaga.

Mirathi si kesi ya watu wanaogombana. Ni utaratibu wa kumpa mtu mmoja, au wawili, mamlaka ya kutia saini kwa niaba ya marehemu. Leo hii mwenye nyumba kwenye daftari la Msajili wa Hati ni mama yenu, na mama hawezi kusaini. Hata mkisaini wote wanne mbele ya mjumbe, mwenyekiti na sheikh au padri, mkataba huo hauhamishi hati. Mtu akiwapa fedha kwa saini hizo amenunua ahadi. Wapo wanaonunua ahadi, lakini hawatoi milioni 320. Wanatoa 180 taslimu na kuanza kuhangaika wenyewe, halafu wanawaambia "nimewasaidia."

Njia yenyewe si ndefu kama inavyotangazwa. Kaeni kikao cha familia, andikeni muhtasari unaompendekeza msimamizi, wote msaini. Mkiwa na muhtasari huo na cheti cha kifo, mnafungua shauri. Kwa Dar es Salaam kuna Kituo Jumuishi cha masuala ya familia pale Temeke, ambako mirathi ndiyo kazi yao ya kila siku. Ni mahakama ya ngazi gani iwasikilize inategemea mirathi inafuata sheria ipi: ya kimila, ya Kiislamu, au nyingine. Hapo msibahatishe, muulizeni wakili, kwa sababu shauri lililofunguliwa mahakama isiyohusika huja kufutwa miaka mitatu baadaye, nyumba ikiwa imeshauzwa. Msimamizi akishateuliwa na Mahakama ya Mwanzo anapewa Fomu Na. 4, na ndani ya miezi minne anatakiwa kurudisha orodha ya mali na madeni kwenye Fomu Na. 5, kisha hesabu kwenye Fomu Na. 6 kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga. Watu wengi huishia kwenye Na. 4, wakauza, wakasahau kurudi. Msiwe hao. Baada ya uteuzi, jina la msimamizi linaingizwa kwenye daftari la Msajili, na kuanzia hapo mtu mmoja mwenye mamlaka anaweza kukaa meza moja na mnunuzi. Mdogo wenu wa Muscat hahitaji kupanda ndege. Anaweza kuthibitishia ridhaa yake ubalozini huko huko.

Jambo dogo ambalo si dogo: umepiga hesabu ya robo robo. Kama mirathi ya mama inafuata sheria ya Kiislamu, fungu la mtoto wa kike ni nusu ya la wa kiume, isipokuwa ndugu zako waridhie vinginevyo kwa hiari yao. Liulizeni hilo mapema, kikaoni, chai ikiwa bado ya moto.

Sasa hiyo hati. Umesema ni ya mwaka 1982. Sinza ni zao la mradi wa viwanja na huduma wa miaka ya sabini, uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia pamoja na Kijitonyama na Mikocheni, ndiyo maana mitaa yake imenyooka kuliko ya jirani zake Manzese. Hati hutolewa kwa muda: miaka 33, 66 au 99. Ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, na tunachouziana ni haki ya kuitumia kwa muda huo pamoja na kilichojengwa juu yake. Kama ya mama ni ya miaka 33, iliisha mwaka 2015, mwaka uleule jirani yenu alipouza. Hiyo haina maana kwamba nyumba si yenu tena, kwani muda huhuishwa. Ila hakuna benki itakayoipokea, na mnunuzi mwenye wakili mzuri atalikuta hilo siku ya kwanza ya upekuzi, yaani kukagua daftari la Msajili. Angalieni pia kama kodi ya pango la ardhi imelipwa miaka yote. Ile mnayokatwa kwenye luku, mkinunua umeme, ni kodi ya jengo. Ya ardhi ni nyingine, na wengi wanadhani wameshalipa kumbe deni linakua tu. Msisahau vilevile kwamba jalada lenu lilifunguliwa enzi Sinza iko Kinondoni, na sasa iko Manispaa ya Ubungo. Tengeni siku za kulitafuta.

Nimekaa sana kwenye karatasi kwa sababu ndizo zinazopanga bei, na hapa ndipo dalali wako na mimi tunapoachana. Yeye anaona nyumba moja yenye bei moja. Mimi naona nyumba moja yenye makundi matatu ya wanunuzi. Kuna anayekopa benki, huyu ana masharti mengi lakini hulipa bei ya soko. Kuna mwenye fedha zake anayetaka hati safi, huyu anabishana kidogo na kulipa vizuri. Na kuna mwenye fedha taslimu asiyejali karatasi, huyu anataka punguzo la hatari anayoibeba. Kwa hali ya hati yenu leo, mmewafungia mlango makundi mawili ya kwanza, mmebaki na la tatu, na mnamtajia bei ya la kwanza. Miezi 14 haishangazi.

Nisikudanganye kuhusu kundi la benki, ni dogo. Mikopo ya nyumba nchini haifiki asilimia 1 ya pato la taifa, na riba yake ni ya kukaukisha mate. Chukua milioni 100 kwa asilimia 15 kwa miaka 15: marejesho yanakaribia milioni 1.4 kila mwezi, na ukimaliza umelipa kama milioni 252. Ndiyo sababu Waswahili tunajenga tofali kwa tofali, na ndiyo sababu soko letu linaendeshwa na watu wenye fedha mkononi. Soko la namna hiyo huwa na wanunuzi wachache, na wachache hao huchagua.

Tuje kwa jirani na milioni zake 350. Kwanza, mliiona hiyo hela, au mliisikia? Hapa kwetu hakuna daftari la wazi la bei ambazo nyumba zimeuzwa kweli. Bei zinazosambaa mtaani ni za kuombwa, zimepita midomo ya madalali watatu, kila mmoja ameweka cha juu chake. Nimewahi kuonyeshwa nyumba moja kwa bei nne tofauti ndani ya juma moja, na mwenyewe hakuwa anajua hata mbili kati ya hizo. Ukitaka bei ya kweli, muulize aliyenunua, usimuulize anayeuza.

Pili, mwaka 2015 si leo. Baada ya hapo serikali ikahamia Dodoma, fedha mitaani zikapungua, tukapata ule msemo wa vyuma kukaza, na vibao vya "nyumba inauzwa" vikaota kama uyoga kuanzia Mbezi Beach hadi Tabata. Wengi wakasema bei hazikushuka kwa kuwa vibao havikubadilishwa. Bei ya nyumba Dar ni nadra kushuka hadharani, kwa sababu kushikilia nyumba hakukugharimu kitu. Hakuna benki inayokudai, kodi ya jengo ni shilingi chache kwenye luku, uani kuna mpangaji. Kwa hiyo mwenye nyumba hashushi, anasubiri. Kupungua kwa bei kunajificha kwenye muda, na kwenye thamani ya shilingi yenyewe. Mfumuko wa bei umekwenda kati ya asilimia 3 na 5 hivi karibu kila mwaka tangu hapo. Ukiujumlisha, kilichonunuliwa kwa milioni 350 mwaka 2015 leo kinahitaji karibu milioni 500. Ninyi mkitaja 320 mmeshashusha zaidi ya theluthi bila kujua, na bado hampati mtu. Hiyo pekee itoshe kukuonyesha kwamba wanunuzi wenu hawakwami kwenye bei peke yake.

Halafu vigae. Nani ananunua Sinza siku hizi? Tembea jioni kutoka Mori hadi Kumekucha uhesabu. Fremu za maduka, saluni, gesti, baa, ghorofa za kupangisha. Mnunuzi wa kiwanja kama chenu ana mchoro wa kitu kingine kichwani. Nyumba ya mama yenu kwake ni gharama ya kubomoa. Najua hilo linauma kulisoma. Lakini ukimwekea dari mpya ya jipsamu umemwongezea kifusi tu. Hizo milioni 18, au hata nusu yake, zikienda kwenye mirathi, kuhuisha hati, upekuzi na mthamini aliyesajiliwa, zinarudi. Zikienda kwenye rangi, zimekwenda. Fagieni, ng'oeni magugu, rekebisheni bomba linalovuja. Basi.

Mthamini atawapa thamani ya soko na pia thamani ya kuuza kwa haraka. Hizo mbili ndizo ukuta wa juu na wa chini wa mazungumzo yenu. Mimi sijaiona nyumba, kwa hiyo sitakutajia bei, na yeyote anayekutajia bei bila kujua ukubwa wa kiwanja na umbali wake na barabara ya lami anakisia tu.

Lakini hesabu ya fungu lako naweza kuifanya, na hapa naomba ukae chini. Umechukua 320 ukagawa kwa nne ukapata 80, ukajumlisha 30, ukapata 110. Hesabu imetoka sawasawa kiasi kwamba umeisahau njia nzima ya katikati. Mpe dalali asilimia 5, ni milioni 16. Kodi ya ongezeko la mtaji kwa muuzaji mkaazi ni asilimia 10 ya faida, au asilimia 3 ya bei au thamani iliyoidhinishwa pale ambapo hakuna kumbukumbu za gharama, na kwa nyumba ya 1982 sidhani kama kuna mtu ametunza risiti za saruji. Asilimia 3 ni milioni 9.6. Ipo misamaha fulani kwa nyumba ya kuishi, na hali ya ndugu aliye nje inaweza kubadilisha hesabu, kwa hiyo msimamizi apite ofisi ya mamlaka ya mapato, TRA, kabla ya kusaini, si baada. Weka milioni 6 za wakili, mthamini na mambo ya hati. Zinabaki kama 288. Robo yake ni 72. Na hiyo ni kwa bei yenu kamili! Mkiuza 270, fungu lako linakuwa kama milioni 60. Ukijumlisha akiba unapata 90, na Goba bado ni 110, bila kuhesabu ushuru wa stempu wa asilimia 1 na gharama zako wewe kama mnunuzi.

Na msijaribu ule ujanja wa kuandika mkataba wa milioni 120 ili kodi ipungue. Uthamini hupitishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, kodi inafuata kilicho kikubwa, na siku mkigombana na mnunuzi, mahakama itasoma 120.

Ziko njia nyingine kabla ya kuuza. Mmoja wenu mwenye uwezo anaweza kuwanunua wengine mafungu yao kwa thamani ya mthamini, akalipa kwa awamu zilizoandikwa. Kwa familia isiyo na ugomvi hii mara nyingi ndiyo bora, na hakuna wa kumlipa asilimia 5. Mnaweza pia kubomoa ukuta wa mbele mkaweka fremu na kugawana kodi, ila hapo anahitajika mtu mmoja wa kusimamia na wengine watatu wa kumwamini, na nimeona ndugu waliopendana miaka hamsini wakashindana kwa kodi ya fremu mbili. Wawekezaji wa ubia watakuja pia, "leteni kiwanja, mimi najenga, tunagawana ghorofa." Kwa hilo msisaini hata karatasi ya leso bila wakili wenu wenyewe.

Goba sasa. Usitoe hizo milioni 40. Karatasi ya serikali ya mtaa si hati. Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi kwamba fulani na fulani walikaa mbele yake wakakubaliana. Hana mamlaka ya kukuthibitishia kwamba eneo ni la huyo fulani. Nyumba hiyohiyo inaweza kuwa na karatasi tatu, zote zina muhuri. Ndiyo maana jiji hili limejaa kuta zilizoandikwa kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI. Mgeni hucheka akiziona, sisi tunajua aliyeandika ameshafumania watu wakipima sebule yake. (Andikeni na ninyi Sinza mkishapumzika kuuza, na muulizeni wakili kuhusu kuweka zuio kwa Msajili, ili hati isihamishwe kimyakimya.)

Kabla ya shilingi yoyote Goba, nenda Manispaa ya Ubungo uulize kama mtaa huo umepita urasimishaji, yaani makazi yaliyojengwa bila kupimwa kupangwa na kupimwa rasmi, na kama umepita, uone mchoro wa mipango miji kwa macho yako. Wapo waliolipia urasimishaji kwa kampuni, wakaishia na risiti. Na wapo walioukuta mchoro tayari, nyumba yao imekaa juu ya eneo la shule. Mlipe mpima mwenye leseni aje na kifaa chake athibitishe mipaka, maana Goba ina vilima na makorongo, na sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia ujenzi ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Angalia umbali na barabara kuu. Sheria ya barabara ya 2007 ilipanua hifadhi kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, ndipo tukajifunza tofauti ya alama za X zinazopakwa kwenye nyumba za kubomolewa: X ya kijani, ya anayestahili fidia, na X nyekundu, ya asiyestahili. Waliobomolewa Kimara hadi Kiluvya mwaka 2017 walijifunza kwa bei kubwa zaidi, kwa kuwa Barabara ya Morogoro ina hifadhi yake ya mita 121.5. Nendeni pia siku ya mvua, muone gari linapita wapi.

Ongea na majirani wa pande zote nne, bila dalali. Muulize mwenye nyumba kama ana mke, na huyo mke asaini ridhaa, kwani nyumba ya familia haiuzwi na mwenza mmoja akiwa kimya. Wakiwadai asilimia 10 ya bei ofisi ya mtaa, ombeni wawaonyeshe sheria na wawape risiti, muone kama watakumbuka tena.

Kuhusu wale wateja wengine wawili: huwa wapo wawili kila mahali, miaka yote, sijawahi kusikia wakiwa watatu. Mwambie mwenye nyumba kwamba mnaitaka, kwamba upekuzi na upimaji vikitoka safi mtasaini mkataba kwa wakili na malipo yatapita benki, na kwamba fedha yenu kubwa inategemea mauzo ya urithi. Kama anakubali kusubiri, zungumzeni bei upya, kwa sababu nyumba isiyo na hati mnainunua mkiwa kundi la tatu, na kundi la tatu lina haki ya punguzo. Kama hakubali, mwacheni awauzie hao wawili. Kwa milioni 90 mtapata kitu Kibada, Toangoma au Bunju, maeneo yenye viwanja vya ule mradi wa viwanja 20,000 vilivyopimwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Huenda ni nyumba ndogo au isiyomalizika, lakini mtalala na hati chini ya godoro.

Leo jioni mpigie kaka mkubwa. Usianze na bei wala rangi. Mwombe apige picha ule ukurasa wa hati unaotaja idadi ya miaka na tarehe ya kuanza, awatumie wote wanne kwenye kundi la familia. Mkishauona, pangeni siku ya kikao.